Pua Amepita

Ungemwuliza mtu yeyote wa mtaa ule jina la bwana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, angekuna kichwa mpaka upele utoke. Jina alikuwa nalo, mama yake alimpa, lakini lilibaki kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, na hata hapo lilikuwa limefutika kwa jasho. Watu walimwita Pua. Watoto walimwita Mzee Pua, shemeji yake mwoka mikate alimwita Shemeji Pua, na mkewe peke yake, wakiwa ndani na mlango umefungwa, ndiye aliyemwita jina lake.

Kazi yake ilikuwa kutembea. Ukisikia hivyo unaweza kucheka, maana nani asiyetembea? Lakini yeye alitembea juu ya bomba la gesi lililozikwa ardhini, kuanzia kituo cha gesi nje ya mji, kupita viwanja na nyuma ya karakana, mpaka kwenye mitaa ambako bomba lile hugawanyika kuwa vibomba vya kuingia majikoni mwa watu. Aliangalia nguzo fupi za njano zinazoonyesha bomba lilipo, kama zimesimama au mtu kazing'oa afungie mbuzi. Aliangalia nyasi, kwa sababu gesi ikivuja chini, nyasi za juu hunyauka hata kama mvua imenyesha vizuri. Aliangalia madimbwi, kama yanatoa povu. Akimkuta mtu na sururu juu ya njia ya bomba, alimsimamisha kwa upole, akakaa naye chini wakazungumza mpaka yule mtu mwenyewe akaona haya.

Lakini juu ya yote hayo alinusa. Gesi yenyewe ikitoka ardhini haina harufu kabisa. Pale kituoni ndipo inapotiwa uvundo makusudi, uvundo wa yai viza, ili ikivuja jikoni mwa mtu, mtu ashtuke akimbie. Bwana huyu alianza kazi hapo hapo kituoni, kwenye kutia uvundo, enzi hizo bado kijana, na mkewe alikuwa hamruhusu kuvuka kizingiti mpaka avue nguo zote nje nyuma ya ukuta. Alipohamishiwa kwenye kutembea, pua yake ilikuwa imeshahitimu. Angesimama penye njia panda akakwambia, huu ni mtaro, huyu ni panya aliyekufa chini ya ngazi, na hii, tulia kidogo, hii ni gesi. Na kweli ingekuwa gesi.

Sasa kwenye kila nguzo ya njano palikuwa na namba ya simu. Ukisikia harufu, piga. Maneno yenyewe yalikuwa hayo tu. Lakini watu wa mtaa ule hawakupiga. Sababu ni kwamba miaka ya nyuma mama mmoja alipiga, mafundi wakaja, wakafunga gesi mtaa mzima kutwa kucha, watu wakalala na njaa, halafu ikaonekana ni paka aliyekufa chini ya sakafu. Yule mama akabandikwa jina la Paka. Akienda dukani, watu wanalia nyau. Mwishowe alihama. Tangu hapo hakuna aliyetaka kuwa Paka wa pili. Harufu ikisikika, watu walimngoja Pua.

"Pua amepita?" jirani angeuliza juu ya ukuta.

"Amepita asubuhi."

"Kasemaje?"

"Hakusema kitu. Kasalimia, akaenda zake."

"Basi ni mtaro."

Na kila mtu akarudi kwenye sufuria yake. Hivyo ndivyo uso wa mtu mmoja ulivyogeuka kuwa king'ora cha mtaa mzima, na yeye mwenyewe wala hakujua. Alidhani wanamwangalia sana usoni kwa mapenzi.

Halafu akaugua. Ilikuwa homa ya kawaida tu, ya mafua na kukohoa, akalala, akaamka, akarudi kazini. Siku chache baadaye mkewe aliingia jikoni akamkuta amesimama kando ya jiko, mikono nyuma, anatazama dirishani, na maziwa yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi na moshi umejaa.

"Mume wangu, husikii?"

"Nisikie nini?"

Mkewe alimtazama, akatazama sufuria, akamtazama tena. Kisha akachukua kitunguu, akakikata katikati, akamsogezea puani. Machozi yakamtoka yule bwana, lakini harufu hakuisikia. Wakajaribu siki. Wakajaribu mafuta ya taa. Wakajaribu soksi, na hapo wote wawili walicheka, kicheko cha mwisho katika jambo hilo.

"Nenda kaseme kazini," mkewe alisema.

"Nikisema wataniweka getini."

"Getini si kazi?"

"Getini wanaweka mtu aliyekwisha. Nikae nifungue geti, nifunge geti. Nani ataniita Pua?"

"Mimi sijawahi kukuita Pua, na nimekaa na wewe mpaka nimeota mvi."

Yule bwana akamwomba ampe muda, labda itarudi. Na kwa kuwa mkewe alikuwa mtu wa huruma kupita kiasi, wakafanya jambo la ajabu. Kila asubuhi mama yule alijitupia khanga begani, akashika kikapu kama anayekwenda sokoni, akatembea na mumewe njia nzima ya bomba. Akisikia harufu, alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Yule bwana aliona, akasimama, akainua kichwa, akavuta pumzi kwa madaha, akasema, "Hapa kuna kitu." Mafundi wakaja na kipimo chao cha gesi, wakachimba, wakakuta.

Watu waliwatania mpaka basi. "Pua, siku hizi unachungwa?" fundi viatu alimwambia. "Au uliwahi kupotelea kwenye mlango wa mtu?"

"Mke wangu anapenda kutembea."

"Sokoni ni upande ule, mama. Mnazunguka dunia?"

"Nachagua nyanya kwa macho kwanza," mama alijibu, na mtaa ukaangua kicheko.

Ingeweza kuendelea hivyo. Lakini binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa mjamzito, na mimba ikaleta matatizo. Daktari alimwamuru alale kitandani asiinuke hata kufagia. Akampigia mama yake akilia. Mama afanye nini? Alifunga mzigo. Pale kituo cha basi, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi, alimshika mumewe kola.

"Leo hii utakwenda kumwambia mhandisi. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Usiseme nakuahidi kama unanipa chumvi. Niangalie."

Akamwangalia. "Nitakwenda kumwambia."

Na alikwenda, hakudanganya. Alikwenda moja kwa moja mpaka ofisini. Mhandisi wao alikuwa mwanamke, umri wa binti yake, mtu mwenye kujua kazi na kuheshimu watu, na siku hiyo alikuwa amekusanya wafanyakazi wapya. Alipomwona mlangoni tu, akasema, "Huyu hapa! Nilikuwa nawaambia habari zako. Jamani, kipimo tunacho, lakini hupita msimu kwa msimu. Huyu mzee hupita kila siku. Mkitaka kujua kazi hii, mtazameni huyu." Wote wakasimama kumpa mkono. Ulimi wa yule bwana ukawa mzito kama umefungwa jiwe. Akatabasamu, akasema amekuja kuchukua chupa mpya ya maji ya sabuni, maana wao humwaga maji ya sabuni mahali wanapotilia shaka, na gesi ikiwapo hutoa povu. Wakampa chupa. Akaondoka nayo.

Akajisemea kwamba macho yanatosha. Nyasi anaziona, madimbwi anayaona. Mke akirudi, mambo yatakuwa sawa. Mtu akishajidanganya mara ya kwanza, mara ya pili hahitaji hata kusukumwa.

Siku hizo mafundi wa maji walikuwa wamepita katika mtaa wa shemeji yake, wakachimba mfereji wa bomba lao, wakafukia. Alipowafikia walikuwa wanapiga udongo kwa miguu. "Mmegusa chochote cha kwetu?" aliwauliza. "Hatujagusa, mzee." Mmoja wao hakumtazama usoni alipojibu. Pua aliliona hilo, akalibeba kifuani kama mwiba mdogo, lakini akapita. Zamani angeinama akanusa, akamaliza ubishi. Sasa aliinama, akavuta pumzi kwa mazoea, hakupata kitu, akanyanyuka.

Halafu mvua ikanyesha, mvua nzito ya kulowesha ardhi mpaka ndani.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua limetoka na mtaa unafuka mvuke. Alikuja taratibu, buti zimejaa tope. Fundi viatu alikuwa mahali pake pa siku zote, kwenye kona, kibanda chake kimeegemea nguzo ya njano. Viatu vilivyotengenezwa alivitundika juu ya nguzo ile kwa kamba, jozi kwa jozi, kama samaki.

"Pua! Njoo nikushonee hiyo buti kabla haijaanza kuongea."

"Iache iongee. Nyumbani sina wa kuzungumza naye."

"Mama bado hajarudi? Pole. Ndiyo maana mtaro unanuka, umekosa mtu wa kuuonea haya." Fundi alicheka huku akivuta uzi kwa meno. "Lakini safari hii umeoza kweli kweli. Tangu juzi. Yai viza tupu. Mke wangu akasema huu si mtaro, tupige simu. Nikamwambia, mwanamke, tulia, Pua kapita jana, kapita na leo, kanisalimia anacheka. Kungekuwa na kitu angecheka?"

Yule bwana alisimama pale pale. Alitazama usoni mwa fundi, na kwa mara ya kwanza akaelewa wale watu wote walikuwa wanatafuta nini usoni mwake miaka yote ile.

"Nani mwingine ameisikia?" aliuliza.

"Mtaa mzima. Si mtaro?"

Alikuwa ameshauona mfereji wa mafundi wa maji. Udongo ulikuwa umedidimia kwa mvua, na juu yake maji yametuama kidimbwi kirefu chembamba. Maji yale yalikuwa yanachemka bila moto. Vipovu vidogo vidogo vilipanda, vikapasuka, vikapanda vingine. Hakuhitaji hata chupa ya sabuni. Alifuata kidimbwi kwa macho: kilitoka barabarani, kikapita kwenye majani yaliyogeuka rangi ya karatasi kuukuu, kikaishia kwenye ukuta wa duka la mikate. Ardhi imelowa, gesi haiwezi kupanda yote juu. Itafuata udongo mlegevu wa mfereji. Itaingia chini ya sakafu.

Na duka la mikate lilikuwa limefungwa tangu mvua ianze, kwa sababu mashine ya kukanda unga iliharibika. Milango imefungwa, madirisha yamefungwa. Leo milango iko wazi na fundi wa mashine anatoka na mkoba wake.

"Kimbia," alimwambia fundi viatu. "Nenda mpaka kule barabara kubwa, usipige simu hapa, pigia kule. Waambie gesi, waambie wafunge."

"Namba ipi?"

"Iliyo kwenye nguzo!"

"Nguzo ipi?"

"Hiyo unayotundikia viatu, bwana!"

Fundi aligeuka akavisukuma viatu vya watu vikaanguka topeni, akaisoma namba kama aliyeiona leo. Pua hakumngoja. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa duka.

Shemeji yake alikuwa ndani, mwanamke mnene wa sauti kubwa, mjane aliyeshika biashara ya marehemu mumewe kwa mikono miwili. Amefunga kitambaa kichwani, unga mpaka kwenye nyusi. Mbele yake tanuri limefunguliwa mdomo, na mkononi ana kiberiti na karatasi aliyoisokota ndefu ya kuwashia.

"Shemeji, weka chini kiberiti."

"Ndiyo salamu siku hizi? Dada yangu kaondoka, adabu kaondoka nayo?"

"Weka chini. Toka nje."

"Nitoke na unga unaumuka? Wateja wamekaa bila mkate, na wewe unakuja na michezo." Alichomoa njiti.

"Shemeji! Kuna gesi humu!"

Akasita. Akavuta pumzi kwa pua, akakunja uso. "Harufu ipo. Ilikuwapo tangu jana. Lakini jana hiyo hiyo si ulipita hapo dirishani ukanipungia mkono? Ukaniuliza mashine imefika wapi. Kwa hiyo jana ilikuwa mtaro, leo ni gesi?"

Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika mlangoni. Mwenye pikipiki aliyekuja kuulizia mikate alikuwa anaangua kicheko. "Pua na shemeji yake wamegombana!" Njiti ilikuwa bado kati ya vidole vya yule mwanamke, kichwa chake chekundu kikielekea ubavu wa kiberiti.

Hapo yule bwana alitazama kulia na kushoto kama mtu anayetafuta mlango mwingine. Hapakuwa na mlango mwingine.

"Sisikii harufu," alisema.

"Unasema?"

"Pua yangu imekufa. Tangu ile homa. Sisikii kitu, wala moshi, wala mkate wako, wala kitu chochote. Jana nilipokupungia mkono sikuwa najua. Juzi sikuwa najua." Akageukia watu mlangoni, akapaza sauti, na sauti ikamkatika katikati. "Mnanisikia? Nilikuwa napita hapa kama kipofu! Kunyamaza kwangu hakukuwa na maana yoyote! Mliyoisikia ninyi ndiyo kweli!"

Kicheko kikafa. Kisha mama mmoja akapiga kelele jina la mwanawe, na mtaa mzima ukapasuka kama kuku walioona mwewe.

"Msiwashe kitu!" alipiga kelele. "Msizime kitu pia, swichi hutoa cheche! Taa iacheni ilivyo! Wewe, acha pikipiki, isukume kwa mikono! Tokeni hivyo hivyo, nendeni upande upepo unakotoka!"

Shemeji aliiweka njiti ndani ya mfuko wa aproni kama anayeweka yai. "Baba," alisema.

Baba mkwe. Mzee alikaa chumba cha nyuma ya tanuri, miguu ilishamkataa, na haikuwa siri kwamba alipenda pale kwa sababu ya joto. Walimkuta amelala, macho wazi, redio iko kifuani inaongea. Shemeji alinyoosha mkono aizime.

"Usiizime! Iache hapo, iache iseme."

Sasa hapa palikuwa na neno. Miaka yote hiyo yule bwana hakuwahi kumgusa mkwewe zaidi ya kumpa mkono kwa mikono miwili akiwa ameinama. Leo alimwinamia kitandani, akamvuta kwa kwapa. "Mkwe wangu, niwie radhi. Nakubeba."

"Unanipeleka wapi?"

"Nje, baba. Shika shingo."

Mzee alikuwa mwepesi kuliko yule bwana alivyodhani, na hilo lilimuumiza. Wakapita kando ya tanuri, wakapita kwenye meza ya unga, mzee anamhemea sikioni. "Niliisikia ile harufu," mzee alisema. "Usiku kucha. Nikasema nimwite binti. Halafu nikasema, hapana, mwanangu Pua anapita hapa kila siku. Angeniacha?"

Yule bwana aliendelea kutembea. Angefanya nini kingine? Alimbeba mpaka nyuma ya ukuta wa karakana, mbali, akamketisha juu ya gurudumu la gari, akarudi kusaidia wengine, akabisha kila mlango uliofuata ule mfereji, mpaka magari ya kampuni yalipofika barabara kubwa na mafundi wakaja kwa miguu.

Walifunga vali, ile koki kubwa ya bomba. Mhandisi mwenyewe alikwenda na kipimo mpaka mlangoni mwa duka la mikate, na kipimo kililia kabla hajainua mguu kuvuka kizingiti. Akarudi nyuma, akawaamuru wote wasubiri, akasubiri nao, hakuwa na haraka ya kuonyesha ujasiri. Ilichukua muda mrefu. Walipofungua madirisha na kuvunja sakafu, jua lilikuwa limelegea. Bomba walilikuta mle mferejini na mkato wa sepetu ubavuni.

Hakuna aliyekufa. Hakuna ukuta ulioanguka. Lakini watu hawakushangilia. Walikaa ukingoni mwa barabara na watoto wao na mafurushi, wakimtazama yule bwana, na yeye hakujua aelekeze wapi uso wake.

Mhandisi alikuja kukaa kando yake, juu ya tofali.

"Ni kweli unayosema? Tangu ile homa?"

"Ni kweli."

"Siku ile ulipokuja ofisini, ulikuja kuniambia?"

"Nilikuja."

"Na mimi nikaanza kukusifu." Alijifuta tope viganjani. "Ungenikatiza, mzee wangu. Ningekasirika kidogo, yangekwisha."

"Nilishindwa, mama."

"Nami kosa ninalo. Mtaa mzima tuliuegemeza kwenye pua ya mtu mmoja, na mimi nikawa naona ni sifa." Akamnyooshea kidole kifuani. "Kesho usivae hicho kizibao."

Hakungoja kesho. Alikivua pale pale, akakikunja vizuri, akampa.

Shemeji alikuja mwisho, unga umechanganyika na jasho, umekuwa uji usoni. Hakukaa.

"Dada yangu alijua?"

"Alijua."

"Kwa hiyo kile kikapu." Alitikisa kichwa taratibu. "Mlipita mlangoni kwangu na kikapu, mimi nikawapa mikate ya bure mtie humo. Baba amelala mle ndani. Mngeniambia mimi tu. Mimi ni nani, mpita njia?"

"Shemeji..."

"Usiniite." Akaondoka kwenda kumfunika baba yake shuka.

Jioni alimpigia mkewe. Alimweleza yote bila kupunguza. Upande wa pili akasikia binti anauliza kwa mbali, "Ni baba? Ana nini?"

"Na mitaa mingine?" mkewe alisema.

"Mitaa gani?"

"Mume wangu. Tangu niondoke, ulipita mtaa ule peke yake?"

Simu ilibaki sikioni mwake hata baada ya kukatika. Hakuwa amefikiria. Alipita njia nzima, kila siku, akisalimia, akicheka, akipunga mkono. Dirisha gani alilipungia mkono, na ndani watu wakaambiana ni mtaro? Hakuweza kujua. Akajaribu kukumbuka nyuso, zikaja zote pamoja, zote zinamtazama.

Alimpigia mhandisi. Mhandisi alishaliona hilo kabla yake: mafundi na kipimo wangeanza alfajiri, kutokea kituoni, nyumba kwa nyumba. Lakini kipimo ni kile kile kimoja na njia ni ndefu. "Ukitaka kusaidia," mhandisi alisema, "anzia mwisho. Usiguse chochote, usiingie kwa mtu. Waambie tu. Na usijiite wa kampuni."

Basi asubuhi alianza, amevaa shati lake la nyumbani, na watu walimpita mara mbili kabla ya kumtambua. Alikuwa mtu wa maneno machache maisha yake yote, na sasa alirudia maneno yale yale mpaka yakawa mchanga mdomoni. Pua yangu haifanyi kazi. Mmesikia harufu siku hizi? Msiningoje mimi tena, namba iko kwenye nguzo.

Wengine walicheka. "Sasa tukuiteje? Sikio?" Mzee mmoja alimshika mkono kwa muda mrefu. Mwanamke mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Watoto wangu watano wanalala juu ya bomba lako," akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu wake ulimchoma kuliko kama angeubamiza. Alikubali hukumu hiyo. Akaenda mlango unaofuata. Magoti yalimuuma, koo likakauka, na kila alipoambiwa "hapana, hatujasikia kitu" hakuona nafuu, kwa sababu bado palikuwa na mlango mwingine.

Jua lilipokuwa kichwani alifika kwenye safu ya nyumba za matofali, ukuta umegusana na ukuta, jiko la huyu limepakana na chumba cha yule. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi. Mama kijana alikuwa anakung'uta mkeka nje, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mzee Pua. Leo huna kizibao?"

"Marahaba, mama. Nimeachishwa. Pua yangu haisikii harufu tena. Nimekuja kuuliza, siku hizi mmesikia harufu yoyote hapa?"

Mama alifikiri, akihamisha uzito wa mtoto. "Ipo kidogo, kule jikoni. Asubuhi asubuhi inazidi. Jirani naye aliniambia. Lakini si ulipita hapa siku ile? Ulinichekea kabisa, ukamshika mtoto shavu."

Yule bwana alifumba macho, akayafumbua.

"Mama, jiko linawaka?"

"Halijawaka. Ndiyo nilikuwa nataka kuingia niwashe."

"Usiingie. Njoo hivyo hivyo ulivyo, na mtoto. Uache mkeka."

Mama alimwangalia usoni, kama walivyozoea kumwangalia wote. Safari hii aliona kitu. Akaacha mkeka uanguke, akavuka barabara bila kuuliza neno, mkono umeshika kichwa cha mtoto.

"Simu pigia kule mbele, penye kona!" alimwambia, kisha yeye mwenyewe akageukia nyumba ya jirani. Mlango ulikuwa umefungwa, na kando yake palikuwa na kengele ya umeme, kitufe cheupe, safi. Hakuigusa. Alikunja ngumi, akaanza kugonga mbao.